Leseni haingoji mahakama

Juma hili naomba nianze kwa kukiri kosa. Jambo ninalotaka kulieleza nimelijua baada ya kulikosea, na aliyelipa gharama ya kosa hilo si mimi. Ni mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, anayeishi karibu na jiji la Los Angeles, jimbo la California, nchini Marekani. Kazi yake ilikuwa kuendesha gari dogo la mizigo, akipeleka vifurushi nyumba hadi nyumba.

Nasema ilikuwa.

Usiku mmoja, akitoka harusini, askari wa barabarani walimsimamisha. Alikuwa amekunywa, hilo yeye mwenyewe halikatai. Walipomtaka apulize kwenye kipimo, akakumbuka ushauri wa vijiweni kwamba ukikataa kupimwa askari hana ushahidi, na pasipo ushahidi hakuna kesi. Akakataa. Wakamkamata na kumpeleka kituoni, na huko wakamtaka achague apimwe pumzi au damu. Akajibu kwamba hana neno, atapima, lakini kwanza azungumze na wakili. Alipoachiwa asubuhi leseni haikuwa mfukoni. Badala yake alikuwa na karatasi ya rangi ya pinki, pamoja na tarehe ya kufika mahakamani iliyokuwa wiki kadhaa mbele.

Siku ya nne akanipigia simu.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Mbona sauti imepoa?"

Akanisimulia yote. Nami, mtu wa redio niliyezoea kusikilizwa, nikamjibu kwa uhakika wote: "Tulia. Tafuta wakili, kisha ngoja siku ya mahakama. Mambo ya leseni ataamua hakimu."

Siku ya kumi na tatu akapiga tena. Safari hii hakusalimia vizuri. "Mjomba, ile karatasi nimeisoma yote leo. Imeandikwa siku kumi."

Ndugu msomaji, kosa langu lilikuwa kufikiri kwamba kule kuna kesi moja. Kuna mbili. Ya kwanza ni kesi ya jinai, ambayo mwendesha mashtaka huipeleka mahakamani: ama uliendesha gari ukiwa umelewa, ama hukuendesha. Ya pili ni shauri la leseni, nalo halimo mikononi mwa hakimu. Liko mikononi mwa Idara ya Magari ya jimbo, ambayo wenyeji huiita DMV. Kesi hizi mbili huzaliwa usiku mmoja lakini kila moja hushika njia yake. Kesi ya jinai huja na tarehe, nawe husubiri uitwe. Shauri la leseni halikuiti. Ni wewe unayepaswa kuliomba, na muda wa kuomba ni siku 10 tangu ulipokabidhiwa ile karatasi. Hizo ni siku za kalenda, si siku za kazi. Usipoomba, leseni inafungiwa siku 30 zinapokwisha, na haki yako ya kusikilizwa imekwenda na maji.

Huenda utauliza: mtu atafungiwaje leseni kwa kukataa tu, kabla ya kuthibitishwa kuwa alikuwa amelewa? Jibu limo katika sheria ambayo madereva wengi huendesha nayo bila kuijua. California, kama majimbo yote 50 ya Marekani, ina sheria ya ridhaa ya kudhaniwa. Maana yake ni kwamba kila anayeendesha gari katika jimbo huhesabiwa kuwa amekwisha kukubali kupimwa pumzi au damu, iwapo atakamatwa kihalali kwa tuhuma ya kuendesha akiwa amelewa. Ukikataa, unavunja sharti lililoambatana na kuendesha kwenyewe, na adhabu ya hapo ni leseni.

Jimbo la kwanza kutunga sheria ya namna hiyo lilikuwa New York, mwaka 1953. Mwaka uliofuata, Robert Borkenstein wa polisi wa jimbo la Indiana akabuni kipimo cha pumzi ambacho askari wa kawaida aliweza kukitumia. Kabla ya hapo, askari alitegemea zaidi kumtazama mtu macho, kumnusa mdomo na kumwambia atembee juu ya mstari. Chombo kilipopatikana, ikabaki shida moja: chombo hakina faida kama mtu anaweza kufunga mdomo akaenda zake. Sheria ya ridhaa ndiyo iliyoziba tundu hilo.

Ndiyo maana ushauri wa vijiweni ni ushauri mbovu. Hebu tulinganishe. Katika California dereva mwenye umri wa miaka 21 au zaidi, ambaye ni mara yake ya kwanza, akipimwa na kukutwa na kiwango cha asilimia 0.08 au zaidi, Idara humfungia leseni kwa miezi 4. Huyo huyo akikataa kupimwa, anafungiwa mwaka 1 mzima. Akiwa na kosa la namna hiyo ndani ya miaka 10 iliyopita, adhabu hupanda zaidi. Na kukataa hakuui ile kesi ya jinai. Tangu mwaka 1983 Mahakama ya Juu ya Marekani ilikwisha kuamua, katika kesi iliyotoka South Dakota, kwamba mwendesha mashtaka anaweza kuwaambia wazee wa baraza: huyu alitakiwa kupima, akakataa, jiulizeni kwa nini. Katika California, akitiwa hatiani, kule kukataa humwongezea adhabu.

Hapa lazima nitenganishe vipimo viwili ambavyo mpwa wangu alivichanganya. Kipo kipimo kidogo cha mkononi, ambacho askari hukitoa pembeni ya barabara kabla hajaamua kukukamata. Hicho, dereva wa miaka 21 au zaidi ambaye hayumo chini ya uangalizi wa mahakama kwa kosa la ulevi, anaweza kukikataa kwa amani. Kipimo cha sheria ni kile kinachokuja baada ya kukamatwa, na hapo ndipo ridhaa ya kudhaniwa inapofanya kazi. Barabarani mpwa wangu hakuvunja sharti lolote. Kilichomponza ni jibu lake la kituoni.

"Lakini sikukataa, mjomba. Nilisema nitapima nikishaongea na wakili."

Katika sheria ya California huko ni kukataa. Dereva hana haki ya kuongea na wakili kabla ya kuchagua kipimo, na askari anatakiwa amweleze hivyo. Jibu lenye sharti ndani yake, jibu la "ngoja kwanza", hata kukaa kimya, huhesabiwa kuwa kukataa. Na ukibadili nia baadaye, askari halazimiki kukupa nafasi ya pili.

Je, huu si uonevu? Swali hilo limefika hadi kwenye mahakama ya juu kabisa ya nchi hiyo, na majibu yake mawili yanafaa kuwekwa pamoja. Mwaka 1971 ililetwa kesi ya mchungaji mmoja wa Georgia aliyehudumia vijiji vitatu kwa gari lake. Mtoto mwenye baiskeli aligongana na gari hilo, na kwa kuwa mchungaji hakuwa na bima, jimbo likataka kumfungia leseni bila hata kuuliza kama alikuwa na kosa. Mahakama ya Juu ikasema hapana. Leseni ikishatolewa inaweza kuwa ndiyo riziki ya mtu, na serikali haiwezi kuichukua bila kumsikiliza.

Mwaka 1979 ikaja ya pili, kutoka Massachusetts. Dereva alikamatwa akakataa kupimwa. Dakika ishirini baadaye, baada ya kuzungumza na wakili wake, akaomba apimwe, na askari wakakataa. Mahakama ikaifuta kesi ya ulevi. Hata hivyo leseni yake ikafungiwa siku 90 kwa kule kukataa kwa mwanzo. Akalalamika kwamba alistahili kusikilizwa kwanza, ndipo leseni ichukuliwe. Majaji 5 dhidi ya 4 wakaamua kwamba usalama wa barabara unairuhusu serikali kuichukua leseni kwanza, mradi nafasi ya kusikilizwa ipatikane upesi.

Weka maamuzi hayo mawili pamoja, utaona ile karatasi ya pinki imetoka wapi. Leseni inachukuliwa sasa hivi, lakini mlango wa kusikilizwa unaachwa wazi. Mpwa wangu alikuwa na mlango huo kwa siku kumi, nami nikamwambia akae chini.

Sasa tuseme dereva ameomba kwa wakati. Faida ya kwanza anaipata kabla hata ya shauri lenyewe. Karatasi ile ya pinki ni leseni ya muda ya siku 30. Kama ameomba ndani ya siku 10, na Idara haikuweza kumsikiliza kabla ya siku hizo 30 kwisha, agizo la kumfungia husimamishwa, naye huendelea kuendesha mpaka uamuzi utolewe. Kwa mtu ambaye usukani ndio sahani yake ya chakula, hilo si jambo dogo.

Shauri lenyewe halifanani na kesi zile za kwenye sinema. Huweza kufanyika kwa simu. Anayelisikiliza ni afisa wa Idara, si hakimu. Wakili wa kulipiwa na serikali, ambaye maskini humpata katika kesi ya jinai, huku hayupo: utamlipa wako au utajisimamia mwenyewe. Na maswali yanayoamuliwa kwa mtu aliyekataa kipimo ni manne tu.

La kwanza: je, askari alikuwa na sababu za kutosha za kuamini kwamba uliendesha ukiwa umelewa? La pili: je, ulikamatwa kihalali? La tatu: je, ulielezwa kwamba ukikataa kupimwa leseni yako itafungiwa? La nne: je, kweli ulikataa, au ulishindwa kukamilisha kipimo?

Yasome tena. Hakuna swali linalouliza kama ulikuwa umelewa. Hakuna linalouliza una watoto wangapi, umeendesha miaka mingapi bila ajali, au utafukuzwa kazi. Watu wengi huingia katika shauri hilo na barua za mwajiri na za kanisani, wakalia, wakatoka mikono mitupu, kwa sababu afisa hana ruhusa ya kuyapima hayo. Ukitaka kushinda, ni lazima uvunje angalau moja ya nguzo hizo nne. Idara ndiyo yenye mzigo wa kuthibitisha zote, lakini kipimo cha uthibitisho wake ni chepesi kuliko cha kesi ya jinai: inatosha jambo lionekane kuwa na uwezekano mkubwa zaidi kuliko kinyume chake.

Silaha kubwa ya Idara ni taarifa ya maandishi ya askari, aliyoitia saini chini ya kiapo. Mara nyingi askari mwenyewe hafiki. Kwa hiyo anayekata shauri hili hufanya mambo matatu mapema. Huomba apewe nakala ya karatasi zote ambazo Idara itazitumia. Huisoma taarifa ya askari mstari kwa mstari, saa kwa saa: alisimamishwa saa ngapi, alikamatwa saa ngapi, alisomewa onyo saa ngapi, na maneno yake yaliandikwaje. Tena huulizia kama ipo picha ya video ya gari au ya kifuani mwa askari. Akiona yanapingana, anaweza kuomba samansi ya kumwita askari aje ahojiwe, ila gharama yake ataibeba mwenyewe.

Lipo jambo moja lililobadilika hivi karibuni, nalo lina uzito. Kwa miaka mingi yule afisa wa Idara alikuwa na kofia mbili. Yeye ndiye aliyeleta ushahidi dhidi ya dereva, yeye ndiye aliyepinga hoja za dereva, kisha yeye huyo huyo ndiye aliyeamua nani ameshinda. Mwaka 2022 Mahakama ya Rufani ya California, katika kesi iliyofunguliwa na chama cha mawakili wa madereva, iliamua kwamba mtu mmoja hawezi kuwa mtetezi wa upande mmoja na mwamuzi katika shauri moja. Anaweza kukusanya ushahidi, lakini hawezi kuupigania kisha akajihukumia. Sisi tunaojua kesi ya nyani hapelekewi ngedere tunaielewa hoja hiyo bila kufundishwa.

Ukishindwa, rufaa ipo, na saa inaanza kupiga upya. Unaweza kuomba Idara yenyewe iupitie upya uamuzi huo, kwa kulipa ada. Unaweza pia kwenda kwenye mahakama ya jimbo ndani ya siku 30 tangu kutolewa kwa taarifa ya uamuzi. Huko jaji huupima ushahidi kwa macho yake mwenyewe, lakini huupima uleule uliokwisha kuwekwa mezani. Shahidi uliyemwacha nyumbani siku ya shauri usitegemee kumleta sasa. Ndiyo maana asiyeomba shauri ndani ya siku zile kumi, au aliyeliomba akaenda mikono mitupu, hana kitu cha kukatia rufaa. Rufaa hujengwa siku ya kwanza.

Wasomaji wenye ndugu katika majimbo mengine wasichukue hesabu hizi kama zilivyo. Kila jimbo lina kalenda yake. Massachusetts humpa aliyekataa siku 15 za kuomba kusikilizwa. New York hupanga tarehe ya shauri la leseni kupitia mahakama inayomsomea mtuhumiwa shitaka, na anayeshindwa ana siku 60 za kukata rufaa kwenye bodi ya rufaa ya idara yao.

Hata suala la lugha, ambalo linatuhusu sisi wenye kusema Kiswahili, halina jibu moja. Mwaka 2010 Mahakama ya Juu ya New Jersey iliamua kwamba kumsomea mtu onyo la kipimo kwa Kiingereza, ilhali anajua Kihispania tu, si kumweleza. Onyo liwe katika lugha anayoielewa. Lakini Illinois, mwaka 1992, ilikwisha kuamua kinyume katika kesi ya dereva aliyesema Kipolandi. Mtu aliyehamia huko juzi kutoka kambi za wakimbizi za Kigoma au kutoka Bukavu, mwenye Kiswahili kizuri na Kiingereza cha kuombea maji, asidhani kwamba kutoelewa kutamwokoa. Pengine kutamwokoa, pengine hapana; inategemea amesimamishwa upande gani wa mpaka wa jimbo.

Jingine la kutofautisha ni pumzi na damu. Mwaka 2016 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba askari aliyemkamata mtu kwa ulevi anaweza kumtaka apime pumzi bila hati ya hakimu, lakini serikali haiwezi kumfanya mhalifu kwa kukataa kutolewa damu pasipo hati hiyo. Mahakama haikuzigusa adhabu za leseni. Kwa hiyo anayesikia nusu ya habari hiyo na kuifanya ngao, atajikuta amelindwa dhidi ya jela lakini leseni haipo.

Nisieleweke vibaya. Sitetei ulevi barabarani. Nimeripoti ajali za kutosha katika kazi hii, na nimesimama kwenye matanga ambayo hayakuwa na sababu nyingine ila chupa. Mpwa wangu nilimwambia hivyo kwa maneno makali kuliko haya. Lakini sheria inayompa mkosaji siku kumi za kusikilizwa imempa kwa makusudi, na asiyezitumia kwa kutojua anapata hasara ileile ya asiyekuwa nazo.

Ile kesi ya jinai ilikwisha. Wakili wake alipatana na mwendesha mashtaka, na shitaka likapunguzwa kuwa la kuendesha bila uangalifu. Akanipigia kwa furaha, akidhani leseni imerudi. Haikurudi. Shitaka kupunguzwa mahakamani hakufuti agizo la Idara, na agizo lilisema mwaka 1. Mwaka wenyewe ukiisha, bado kuna ada ya kulipa na uthibitisho wa bima wa kupeleka. Siku hizi anapakia makontena ghalani, anapanda mabasi mawili kwenda na mawili kurudi, na fedha aliyokuwa akimtumia mama yake Tanga imekatika nusu.

Nimejiuliza mara nyingi: angeomba shauri, angeshinda? Kwa jibu lile la wakili kwanza, pengine asingeshinda. Lakini angeendesha wiki kadhaa zaidi akijipanga. Angeisoma taarifa ya askari aone kama onyo liliandikwa sawasawa. Angesikilizwa. Kushindwa baada ya kusikilizwa mtu hulala nako. Kushindwa kwa sababu ya kalenda, na mjomba aliyesema asichokijua, hakulaliki.

Kwa hiyo mwenye ndugu huko ampigie leo, kabla hajasimamishwa na mtu. Amwambie kwanza asinywe akashika usukani. Kisha amwambie kwamba ikitokea amepewa karatasi na askari, aisome usiku uleule, mbele na nyuma, atafute tarehe, ahesabu vidole vyake kumi au kadiri jimbo lake linavyosema. Asimngoje hakimu. Na asimpigie mjomba aliye mbali, hata kama mjomba huyo anasikika redioni kila juma.